Nilivyoukana Mkataba kwa Muhuri

Jumatatu, 3 Machi

Chumba changu cha mbele kimepata mchumba!

Asubuhi nilikuwa barazani nachonga muhuri wa duka la magodoro. Nikaona kiatu. Kiatu kinachong'aa namna ile hakisimami mbele ya nyumba yangu bila sababu. Nikapandisha macho: suruali iliyopigwa pasi, mkoba, tai, na huko juu kabisa miwani ya fremu ya dhahabu. Muuza miwani! Ana duka mjini, anatafuta mahali pa kufungua la pili. Alikitazama chumba changu cha mbele, akaitazama barabara, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Alisema kituo cha basi kiko ng'ambo, zahanati iko kona, watu wasioona vizuri wanapita hapa kutwa. Akauliza kodi. Nikamtajia mara mbili ya ninayolipwa sasa. Sikupepesa macho. Naye hakupepesa! Nilijuta papo hapo kwamba sikutaja mara tatu.

Kuna tatizo moja dogo. Chumbani mna mtu.

Ni fundi cherehani, mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Mwezi uliopita nilimpangishia miaka mitano. Kodi ya kirafiki, isiyopanda. Naye kwa upande wake atengeneze dari iliyokuwa ikivuja na aweke dirisha kubwa la kioo. Tulikubaliana jikoni kwangu, kwa mdomo tu, tukapeana mikono, mke wangu akatumiminia chai. Dari ameshatengeneza. Dirisha ameshaweka. Chumba kimependeza mpaka kinavuta wauza miwani kutoka mjini. Yaani huyu mama amejiharibia mwenyewe.

Jambo jingine la kuudhi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa nyumba ya pili na ana chumba cha mbele kilicho wazi tangu mwaka jana. Wakati wote nilipokuwa nikiongea na Bwana Miwani, Shemeji alisimama uani kwake na ndoo, anajifanya anamwagilia maua. Hana maua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeokoka! Sheria imeniokoa! Nilikuwa kwa kinyozi.

Kiti cha jirani alikaa Wakili, yule mwenye ofisi juu ya duka la rangi, uso umejaa povu. Alikuwa anamsimulia kinyozi habari za mteja mmoja aliyekuja ofisini analia. Mteja alipewa shamba alime miaka kumi, wakakubaliana kwa mdomo, sasa mwenye shamba kamgeuka. Kinyozi akauliza, kwani neno la mtu si neno? Wakili akasema ni neno, na makubaliano mengi ya mdomo yanashika vizuri tu. Ukikubaliana na kinyozi akunyoe, akakunyoa, umlipe, hakuna haja ya karatasi. Lakini yapo mambo ambayo sheria inataka maandishi, maana watu hudanganyana sana. Kuuza kiwanja au nyumba. Kumdhamini mtu deni lake. Na kupangisha kwa muda unaozidi mwaka mmoja. Hapo pasipo na maandishi, ukienda mahakamani unaambiwa urudi nyumbani.

Unaozidi mwaka mmoja! Mitano inazidi mmoja! Nimehesabu mara mbili.

Moyo ulinilipuka. Nikaruka kitini. Wakili alikuwa ameshaanza kusema neno lingine, nadhani alisema "lakini", ila mimi nilikuwa tayari mlangoni. Kinyozi alipiga kelele nyuma yangu. Nimefika nyumbani na shuka lake shingoni na kichwa kimenyolewa upande wa kulia tu. Mke wangu aliniuliza nimepigana na nani. Nimemwambia nimepigana na ujinga, na nimeushinda.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza maisha mapya bila maandishi. Kalamu zote za nyumba hii nimezifungia kabatini. Mke wangu alinitaka nimwandikie vitu vya kununua sokoni. Nimekataa kata kata. Nimemwambia avishike kichwani, maneno yakishaingia kwenye karatasi yanakuwa na meno. Amerudi bila chumvi.

(Shajara haihesabiki. Nimelifikiria sana jambo hili. Situmi kwa mtu na sitii saini. Kalamu hii moja nimeiacha kwa kazi maalumu.)

Saa ya chakula nilimweleza mpango wangu wote. Mama Vifungo atoke, Bwana Miwani aingie, kodi iwe mara mbili, sisi tuwe watu. Nilitegemea anikumbatie. Akaweka kijiko chini. Akasema yeye alikuwepo jikoni siku ile, alisikia kwa masikio yake mawili, na chai aliimimina yeye. Nikamwelimisha kwa upole kwamba kwa mujibu wa sheria masikio si maandishi na chai si saini. Akasema basi na aibu nayo si maandishi, ndiyo maana mimi siisomi. Huyu mwanamke ana mdomo! Nilimuoa kwa sababu hiyo hiyo, sasa sina pa kulalamikia.

Kusema kweli nilisikia haya kidogo. Ilinikaa kifuani mpaka nilipomaliza kula, ikapita.

Mchana Shemeji ameanza kupaka rangi chumba chake cha mbele. Rangi ya bluu, tena yupo juu ya ngazi anapiga mluzi. Nimemuuliza kwa nini leo. Kasema ameamua tu kupenda usafi. Mtu ambaye gari bovu limekaa uani kwake mpaka kuku wanataga ndani ya buti!

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kumtoa Mama Vifungo. Nilijiandaa tangu asubuhi, nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikachagua kumtazama kwa upande ule ulionyolewa maana ndio wenye heshima.

Nimeingia. Alikuwa anashona sare za shule ya jirani, vitambaa vya kijani vimejaa mpaka kwenye kiti cha wageni, pini mdomoni. Akanikaribisha kwa macho. Nikaanza hotuba. Nilipofika kwenye neno "sheria" akasimama, akanizungushia futi ya kitambaa kiunoni. Kasema niendelee tu, yeye anasikia, ila suruali yangu inaning'inia vibaya na inamtia uchungu kuitazama. Nani awezaye kumfukuza mtu huku anapimwa kiuno? Nimejikuta nimeagiza suruali mbili.

Mwishowe nikajikaza, nikasema. Nilimwambia makubaliano yetu ni ya mdomo, ya miaka mitano, kwa hiyo hayana nguvu, kwa hiyo ahame mwisho wa mwezi. Akatoa pini mdomoni moja moja na kuzichoma kwenye kimto. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Akaniambia kazi ya sare ameipata kwa sababu alimwambia mwalimu mkuu ana mahali pa kudumu pa kushonea. Akitoka hapa, kazi inakwenda kwa mtu mwingine, na mashine ya pili aliyoichukua kwa mkopo hatajua aipeleke wapi. Akauliza, baba, si tulikubaliana? Nikamwambia tulikubaliana, ndiyo, hilo sikatai, lakini imeandikwa wapi?

Akaikunja futi yake. Halafu akasema sawa, kama ndivyo, basi nimsaidie jambo moja tu. Nimwandikie barua. Niandike tulikubaliana nini, halafu niandike kwa nini namtoa. Ampelekee mwalimu mkuu, asije akadhani Mama Vifungo amefukuzwa kwa wizi au kwa kutolipa kodi. Kasema jina lake ndilo alilobaki nalo.

Ombi la haki kabisa! Nilimkubalia hapo hapo. Mimi si mtu mbaya. Tena, kusema kweli, mikono ilikuwa inaniwasha. Siku nzima ya jana sikuandika wala kugonga kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika barua. Mungu wangu, barua!

Nimefungua kabati, nimetoa kalamu, nimetoa karatasi nzito ile ya mialiko. Nimeharibu kurasa kadhaa kwa sababu mwanzo ulikuwa haujakaa vizuri. Mimi ni mtu wa mihuri, najua karatasi ya maana inavyotakiwa kuonekana. Nanakili hapa sehemu iliyonipendeza zaidi:

"Ni kweli tupu, wala sikatai, kwamba tarehe mosi Februari mimi, mwenye nyumba, nilikubaliana na wewe, fundi cherehani, nikupangishe chumba changu cha mbele kinachotazama barabara kwa muda wa miaka mitano, kwa kodi ile ile ya kila mwezi unayonilipa sasa, ambayo haitapanda hata kidogo, nawe kwa upande wako utengeneze dari na uweke dirisha la kioo, kazi ambayo umeikamilisha vizuri sana. Hata hivyo, kwa kuwa makubaliano hayo hayakuandikwa mahali popote, mimi siyatambui, na nakutaka uhame."

Mtu asome hapo asitoe chozi! Niliongeza "wala sikatai" kwa uungwana, na "vizuri sana" kwa sababu ni kweli, dari ile haivuji hata tone.

Chini nikaandika majina yangu yote matatu. Nikatia saini ile ndefu yenye mkia. Nikagonga muhuri wa jina langu. Ukawa peke yake pale, mpweke. Nikagonga wa tarehe. Bado palikuwa na nafasi kulia. Nikapekua boksi la mihuri ya wateja ambao hawakurudi kuchukua, nikapata mmoja mzuri wa mviringo, umeandikwa IMETHIBITISHWA. Nikaugonga. Wino umekaa sawasawa, kingo zote zimetoka. Kisha, kwa kuwa kidole kilishaingia wino, nikapiga na dole gumba.

Mke wangu aliisoma mara mbili, mara ya pili polepole. Akaniuliza kama nina hakika nataka kuipeleka. Nikamwambia nina hakika. Akaanza kusema kitu, akaacha, akaenda zake uani. Nilimsikia anacheka na kuku.

Jioni Bwana Miwani alikuja. Tumekubaliana! Miaka sita, kodi mara mbili, ataingia mwezi ujao. Tulipeana mikono hapo barazani. Alisema ataleta makaratasi tusaini, nikamwambia ya nini yote hayo baina ya waungwana? Nilifanya hivyo kwa akili. Akija mwingine wa mara tatu, nitamtoa na huyu.

Jumamosi, 8 Machi

Barua nimeipeleka mwenyewe, nimevaa koti. Nilimsomea Mama Vifungo kwa sauti, kwa vituo vyake, na watu wawili waliokuwa wanasubiri kupunguziwa nguo walisimama kusikiliza. Nilipomaliza mmoja alipiga makofi, sijui kwa nini, nadhani kwa ajili ya lugha.

Nimemtaka asaini nakala yangu kwamba amepokea. Mimi sifanyi mambo nusunusu. Akasaini. Akanishukuru. Hapo ndipo niliposhangaa kidogo, maana mtu anayehamishwa kwa kawaida hashukuru. Nimesema moyoni, haya ndiyo matunda ya kumtendea mtu kwa heshima.

Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mchoraji mabango. Nimewaza hivi: Bwana Miwani ni mtu wa mjini, lazima nimvutie asije akapoa. Mwenye nyumba anayempa mpangaji bango bure ni mwenye nyumba wa aina yake. Nimeagiza miwani kubwa ya mbao, ya kuning'iniza juu ya mlango. Mchoraji aliuliza ukubwa. Nikamwambia ionekane na watu wasioona. Akauliza nani analipa. Nikamwambia mimi, kifua mbele.

Nikapita makusudi mbele ya nyumba ya Shemeji. Alikuwa anafuta matone ya rangi sakafuni. Nilimsalimia kwa sauti ya mtu mwenye mpangaji.

Jumapili, 9 Machi

Bango limefika.

Salaale! Limebebwa na watu wanne. Lilipokatiza barabarani basi lilisimama kulipisha, abiria wakatoa vichwa madirishani wakalitazama nalo likawatazama. Limepakwa dhahabu. Kila kioo ni kikubwa kuliko meza yetu ya kulia. Haliwezi kutundikwa mpaka Mama Vifungo ahame, uani haliingii kwa sababu ngazi ya Shemeji imeziba kichochoro, kwa hiyo tumeliweka sebuleni. Kulipitisha mlangoni ilibidi tung'oe mlango.

Sasa hatuwezi kukaa sebuleni. Ukiingia unajiona kama umekosa kitu. Mke wangu ameanika kanga zake kwenye mikono ya miwani na kasema hatimaye nimeleta kitu cha faida nyumbani. Shemeji alikuja kulitazama. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akapenya chini ya daraja la pua, akatokea upande wa pili bado anacheka. Mimi nilimwacha. Husuda ina njia nyingi za kutoka mwilini.

Nimelala kwa furaha. Nimeota nimevaa koti jipya, na Shemeji ndiye anayelipiga pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Vifungo hakusanyi vitu. Asubuhi nimepita dirishani kwake mara nyingi kuliko kawaida: anashona, tena anaimba! Nikaingia. Kasema hahami. Kasema mwalimu mkuu aliisoma barua, akaisoma tena, akamwambia aitunze kama cheti cha kuzaliwa. Kazi ya sare wamempa ya mwaka mzima. Na suruali zangu ziko tayari nizijaribu.

Nikapandwa na hasira. Nikachukua nakala yangu, huyo kwa Wakili, juu ya duka la rangi. Nilimweka sawa tangu mlangoni kwamba mimi sheria naijua, nataka tu aniandikie kitisho.

Akasoma. Alipofika katikati akavua miwani. Akafuta macho. Akaendelea. Alipofika kwenye mihuri akasimama, akaenda dirishani, akaipa mgongo ofisi nzima kwa muda, mabega yanatikisika. Nilidhani mtu amefiwa.

Kisha akanieleza, na alinieleza taratibu, naandika kama alivyosema. Sheria haisemi kwamba mkataba wa namna hii lazima uandikwe siku ile ya kukubaliana. Wala haitaki uitwe mkataba. Inachotaka ni maandishi yoyote, hata ya baadaye, hata barua, yanayoonyesha nani na nani, kitu gani, muda gani, bei gani, na yenye saini ya yule anayetaka kukwepa. Hadi Ijumaa Mama Vifungo alikuwa hana karatasi yoyote mkononi. Angekuwa na kesi ya kuhangaikia, ya kueleza habari za dari na dirisha, na huenda angeshinda na huenda asishinde. Sasa anayo karatasi. Ina pande mbili, ina chumba, ina miaka mitano, ina kodi. Kasema katika kazi yake hajawahi kuona mkataba wa upangaji ulioandikwa vizuri namna hii.

Nikapiga meza. Nikamwambia asome mwisho, mwisho nimekataa! Nimesema siyatambui! Akasema kukataa kutimiza makubaliano si kusema hayakuwepo. Nimeandika kwamba yalikuwepo. Nimeandika "wala sikatai". Akaweka kidole juu ya muhuri wa mviringo, akaniomba nimsomee.

Nikamsomea. Imethibitishwa.

Nilimuuliza, ile siku kwa kinyozi, ulipotaka kusema "lakini", ulitaka kusema nini? Akasema alitaka kusema hayo hayo.

Nimeshuka ngazi kama mgonjwa. Miaka mitano! Kodi isiyopanda! Haitapanda hata kidogo, nimeandika mwenyewe, na "hata kidogo" haikuwa na ulazima wowote! Nimepita kwa Mama Vifungo kuchukua suruali, kwa sababu mtu hata akiangamia havai suruali inayoning'inia. Zimenikaa vizuri mno. Hilo nalo limeniuma.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka na wazo. Bwana Miwani amenipa neno lake la miaka sita! Kama chumba cha mbele kimefungwa, nitampa sebule. Nitavunja ukuta. Bango limo ndani tayari!

Nimemkuta, nimemkuta kwa Shemeji! Yumo ndani ya chumba kile cha bluu, anapima ukuta wapi ataweka makabati. Shemeji pembeni anapiga mluzi. Nikamuuliza Bwana Miwani ni nini hiki mbele ya macho yangu. Akanijibu kwa adabu sana kwamba amepanga hapa, miaka sita, wamesaini jana, wakili amekwisha pitia. Nikamkumbusha barazani kwangu. Nikamkumbusha mkono wake huu huu wa kulia. Sisi si tulikubaliana? Akasema tulikubaliana, ndiyo, hilo hakatai. Akavua miwani akaifuta.

Akauliza, imeandikwa wapi?

Nikamwambia huo si uungwana, mtu anatoa neno anakula neno, mwenzake amekwisha gharamia bango! Akauliza bango gani. Shemeji akaanza kucheka upya. Bwana Miwani alikwenda kulitazama sebuleni kwangu, akalizunguka, akasema duka lake linatumia bango dogo la kioo, la kuwaka taa.

Nimerudi, nimekaa chini ya miwani yangu peke yangu. Sijawahi kuhuzunika hivyo mchana. Mke wangu alikuja na chai, akakaa kando yangu. Sikutaka chai. Akasema ninywe. Nikanywa. Kasema ana furaha kwamba Mama Vifungo anabaki, na kwamba kama ningemtoa, yeye angekwenda kukaa naye huko huko. Nikamuuliza kama anatania. Akasema hilo nalo anaweza kuniandikia nikitaka.

Jumatano, 12 Machi

Kumbe kila kitu kiko wazi! Nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi! Nimelipata alfajiri, nikaruka kitandani, nikajigonga kwenye miwani, nikafurahi vilevile.

Wakili alisema mambo ni maandishi na saini. Vizuri. Maandishi niliyaweka mimi. Nayo saini? Nikatazama nakala yangu na kuona chini kabisa, pembeni: saini ya Mama Vifungo! Ya kupokea! Mimi mwenyewe nilimlazimisha asaini. Ndiyo iliyonimaliza. Nisingemwachia kusaini, angeishika barua ile afanyie nini? Afungie vifungo!

Kwa hiyo leo nimecheza kwa akili. Shida yangu ni bango. Mwenye uwezo wa kulinunua ni Shemeji, maana sasa ana mpangaji wa kodi mara mbili, na mpangaji huyo, apende asipende, ni muuza miwani. Ila Shemeji bahili. Lazima umtupie chambo. Nimemwandikia barua, karatasi nzito, kwamba ni kweli tupu jana jioni tumekubaliana yeye achukue bango langu la miwani na kulitoa sebuleni kwa gharama zake, na mimi kwa shukrani nimpangishie chumba changu cha nyuma miaka kumi, kwa kodi ndogo sana, isiyopanda. Nimeitaja kodi yenyewe, ili apate tamaa. Tena chumba cha nyuma chenyewe ndicho tunacholala! Nimekiweka makusudi. Kinavutia, kina dirisha la uani.

Bila shaka hatakipata. Jana jioni hatukukubaliana chochote, alikuwa anacheka tu. Na saini iliyopo pale ni yangu peke yangu, yenye mkia, na mihuri mitatu, na dole gumba. Yeye hana saini hata moja! Alipoisoma akaomba kalamu haraka haraka aandike "nakubali". Nikamnyang'anya kalamu. Nikamwambia thubutu, Shemeji, karatasi hii huigusi, kukubali ukubali kwa mdomo tu. Akaapa kwa mdomo kwamba amekubali, mpaka machozi yakamtoka. Ameikunja barua akaitia mfuko wa ndani, ule wa upande wa moyo, akaniambia mimi ni shemeji ambaye kila mtu angemtamani.

Bango limeshaondoka! Wamelibeba watu wanne, tumeng'oa mlango tena, sebule imerudi kuwa kubwa. Nimezunguka ndani huku nimenyoosha mikono, sigusi kitu. Nikamwita mke wangu aje tuzunguke wote. Hakuja. Nimemkuta chumba cha nyuma amepanda juu ya kitanda, anafungua neti kwenye misumari na kuikunja. Nimemuuliza neti inakunjwa ya nini mchana wote huu. Kasema kaka yake amempigia simu, anataka kujua sisi tutahama lini, na kama kitanda kinabaki.